Mashine ya Kumaliza Machozi

…na bado yule mtoto analia, kati yetu na yeye ni pazia tu, nasikia hata anavyovuta pumzi kabla ya kuanza tena, na mama yangu hapa kando yangu kwenye benchi anamenya njugu na kutafuna kana kwamba tumekuja kumpokea mgeni stendi, amenyoosha kiganja, "Kula, nyathina, mwanangu, huyo aliye tumboni ana njaa," nami nimechukua mbili kumridhisha, nimezishika tu, zinalowa jasho, baada ya huyu mwenye mtoto ni mimi, Kerosi mwenye mashine alichungulia akasema hivyo mwenyewe, wewe mama wa mimba ndiye unafuata, sawa, nafuata, sikuja hapa kubembelezwa, nitaingia, nitashika vile vishikio, nitatoka nimepona, maana wiki mbili sasa sijalala usingizi wa binadamu, juzi nimekata sare ya shule nikakosea mkono wa kushoto mara mbili, mimi Marcella, fundi ambaye anakata mkono wa blauzi huku akigombana na mteja, nimeharibu kitambaa cha watu, nimekaa chini ya cherehani nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa, na muuguzi wa kliniki amenipima akatikisa kichwa, unapungua badala ya kuongezeka, mama, unataka kuzaa nini, mfupa? …basi iishe, iishe leo, nimechoka. Mashine ya kusagia posho hapo mbele inanguruma, benchi linatetemeka, unga umetua kwenye nywele za mama na mama hajali, siku hizi hajali kitu, mtu ukimwona huwezi kusema ni yule niliyemleta hapa mwezi wa pili nikiwa nimemshika makwapani, wiki tatu alikuwa amelala ameelekea ukutani, hali, haogi, ukimwita Risper, ukimwita mama, kimya, nikamburura hadi humu na ndipo nilipoiona hiyo mashine, sanduku la mbao kubwa kama la redio za zamani, betri ya lori chini yake, mshale mwembamba nyuma ya kioo, na vishikio viwili vya shaba vinavyong'aa kwa viganja vya watu, Kerosi anasema aliikuta Macalder kwenye ghala lililoachwa na wazungu wa mgodi, hajui wao waliitumia kufanya nini, anachojua ni kwamba ukishika huku ukimtaja marehemu wako mshale unapanda, unatetemeka, unashuka, na ukiachilia huna kilio tena, na hachukui hela, anachukua kuku, nilicheka moyoni, tabibu wa kuku huyu, Mkisii mpole mwenye sweta iliyofumuka shingoni, nilitamani nimshonee, lakini mama alitoka nyuma ya pazia lile baada ya dakika kumi, akajinyoosha, akaniuliza, "Leo ni siku ya soko?" nami nililia kwa furaha mbele ya watu, nikasema Mungu ametukumbuka. Na kweli ametukumbuka, si analima? si anaimba kwaya, tena sauti ya juu, ile aliyokuwa ameiacha tangu nilipokuwa shuleni? Benta angemwona angecheka… hapana, usimtaje Benta sasa, ngoja uwe ndani, utamtaja ukiwa umeshika shaba. Lakini ananijia bila kutajwa, dada yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mzito kumzidi, aliyeolewa huko Nyatike akaosha mchanga wa dhahabu misimu mitatu, magoti ndani ya maji, ndipo mimi nikapata cherehani, na mwezi wa kwanza mwaka huu, mvua za Elnino zikiwa bado hazijatosheka, malaria ikamlaza, tukaletewa habari, mimi na mama tukaondoka siku hiyo hiyo na dawa ndani ya mkoba wangu, tukafika mto umekula barabara, tukasimama siku mbili upande huu tunatazama maji ya rangi ya chai yakipita na miti mizima, tulikaa kwa watu baki wakatupa uji, siku ya tatu, ya nne, tulipovuka walikuwa wamemaliza kuzika, udongo umeshaanza kupasuka kwa jua, na mimi bado nimeshika mkoba wenye dawa. Sikumwona. Hilo ndilo linalonila, sikumwona hata uso.

Sasa anakuja yeye. Nikifumba macho tu, anaingia mlangoni bila hodi, sketi imelowa hadi magotini, anakaa kwenye kile kigoda karibu na cherehani, ananitazama, anafungua mdomo, "Marcella," anasema, na mimi napiga kelele hadi mume wangu anaruka kitandani, maskini Frankline, anawasha taa, ananiletea maji, anakuta nimekumbatia tumbo, kwa sababu nani asiyejua, marehemu akikuita usiitike, ukiitika umekwenda naye, na mimi si mmoja, tuko wawili, sitaitika hata kama ni Benta, nitaung'ata ulimi wangu kwanza, na ndiyo maana nilipomwambia mama ndoto hii alisema bila kuacha kupepeta mahindi, hayo ni mawazo mengi, twende kwa Kerosi, kuku nitatoa mimi, na kuku mwenyewe yuko hapa chini ya benchi amefungwa miguu, anamtazama kila mtu kwa jicho moja. Mbona huyo mama hatoki? Namjua, ni Metrine, anauza dagaa wa omena karibu na ufuo, mwaka jana alifiwa na mama mkwe waliyependana naye hadi watu wakashangaa, akashika mashine hii, yeye na mumewe siku moja, na tangu hapo ni mtu wa kucheka tu, sasa nasikia anamwambia Kerosi, sauti inapanda na kuzama kwenye mngurumo wa posho, "…si mimi, ni mtoto ndiye nataka ashike," na Kerosi, "Mama, mtoto hawezi shika hii kitu, hata mkono yake haifiki," "Basi nimshikie," "Wewe ulishika mwaka jana, wewe na mzee wako, mshale haiwezi kupanda tena, iko kavu," kavu, neno gani hilo la kumwambia mtu, na Metrine anaendelea bila kukasirika, anasema kama mtu anayeeleza bei ya omena, "Miezi minne analia. Hospitali wamesema hana ugonjwa. Tumemwitia majina yote, ya kwao, ya kwetu, hakuna lenye amenyamazia. Tumengoja mtu aote, hakuna mtu ameota," na Kerosi, "Hiyo ya ndoto siwezi, mama. Yangu ni machozi tu."

Hakuna mtu ameota. Nyumba nzima hakuna aliyeota… na yule bibi aliyempenda Metrine kama aliyemzaa, angekosa kuja kumwomba mjukuu jina? Yeye? Angekuja usiku wa kwanza, angekuja na kikapu. Sisi wote hapa majina yetu ya nyumbani yaliletwa hivyo, mtu amekufa, mimba imeingia, yule mtu anakuja usingizini kwa mama mtu, au kwa shangazi, au kwa yeyote anayemkumbuka kwa uchungu, anaomba, na mtoto akizaliwa analipokea jina na kunyamaza, mimi mwenyewe ni nyanya yangu, alimjia mama usiku tatu mfululizo, mama alikuwa anatusimulia mimi na Benta tukichambua mboga, tulikuwa tunaijua kwa moyo, na alisema… alisema nini, mama, alisema kitu, niache nikumbuke, huyo mtoto anyamaze kidogo nikumbuke… alisema msiogope kila ndoto, anayekuja kukuchukua hakai, anasimama mlangoni, mguu mmoja nje, anakupungia mkono utoke, lakini anayetaka jina anaingia na kukaa chini kama mgeni anayengoja chai. Ndiyo maana mtu akiamka amemwota marehemu, kabla ya kupewa maji, kabla ya pole, wazee wanamwuliza neno moja, alikaa au alisimama? Kila mama hapa anauliza. Mama mwenye nyumba yetu aliwahi kumwuliza mpangaji wake Mtanzania, mpangaji akacheka. Na mimi nilimwambia mama yangu mzazi kwamba Benta amekuja, na hakuniuliza. Alipepeta mahindi. Risper, aliyetufundisha swali lenyewe, hakuniuliza, na mimi kwa usingizi ulionijaa kichwani sikuona kwamba hakuniuliza.

Pazia limefunguka, Metrine anapita na mtoto begani, mtoto ameiva uso kwa kulia, mishipa imesimama shingoni, na uso wa mama yake mtulivu kabisa, umepigwa pasi, anampapasa mgongo kwa mdundo wa mtu anayefikiria mambo mengine, "Haya, akina mama," anasema, anatabasamu, anatoka nje juani, mpaka sasa nasikia kilio kikienda upande wa soko. "Nitaosha mikono dakika moja, mama, ndiyo uingie," anasema Kerosi. Dakika moja. "Mama," nasema, "wewe, Benta amewahi kuja kwako?" Naye anapasua njugu kwa jino, "Aje wapi tena, nyathina, si tulizika?" Si tulizika. "Hatukuzika, mama. Tulifika wamemaliza." Amefikiri kidogo, ameafiki, "Eeh, hata hiyo," na ametupa ganda chini. Hata hiyo! Siku mbili alisimama kwenye ule ukingo akimwita mwanawe kwa jina juu ya maji hadi sauti ikaisha, nilimshika kiuno asije akaingia mtoni, na leo, hata hiyo. Mimi ndiye niliyemleta. Kwa mikono yangu hii, na jogoo mzuri mwekundu juu yake, nilimlipa mtu ili aufunge mlango ambao Benta angeingilia, na nikashangilia.

Na bado nautaka usingizi, niseme kweli, nautaka sasa hivi, vishikio viko hatua nne kutoka hapa, ningetoka humu nikale samaki mzima, nikalale hadi jioni, Frankline apumzike, tumbo likue, nani angenilaumu? Lakini nikishika, Benta atakuja wapi? Kwa mama pamefungwa. Watoto wake ni wadogo, mume wake ana mke mwingine tayari. Nimebaki mimi. Wiki mbili mfululizo anatembea kutoka Nyatike na sketi yake ya maji, anakaa, anafungua mdomo, na mimi mdogo wake namfukuza kwa mayowe kama mwizi, na kila mara alirudi. Hapana. Sishiki. Kerosi anaweza kuosha mikono hadi kesho. Naenda nyumbani, mchana huu huu, nitalala kitanda changu, nitamwambia Frankline usiniamshe, hata nikilia, hata nikirusha miguu, usiniguse, na Benta akisema Marcella nitaitika, naogopa, ndiyo, lakini nitaitika, nitasema naam dada, sema, nakusikia, sikuja mapema, maji yalinizuia, sema jina lako nimpe. Na nitalia nikiamka, nitalia ya kwangu na ya mama pia, kama ni lazima mtu wa nyumba hii alie basi niko. Pazia limesogea, Kerosi anafuta mikono kwenye sweta, "Haya, mama wa mimba, karibu," na mama ananigusa kwa kiwiko, "Nyathina, si ni wewe, inuka," lakini sijainuka, nimeuchukua mkono wake wenye vumbi la maganda nimeuweka juu ya tumbo langu, mtoto amepiga teke, mama amecheka, "Huyu ana nguvu," anasema, nami namtazama usoni, nangoja, labda kuna tone limebaki chini kabisa, labda ataniuliza, nangoja, mashine ya posho inanguruma, Kerosi ameshika pazia, mama anatazama njugu zake… hataniuliza. Basi nitamwambia bila kuulizwa.

"Mama, Benta alikaa."