Changu wa Bombani

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, Meneja alikuwa akisugua sakafu ya chumba cha baridi kwa brashi ya mpini mrefu. Kaka yake, nahodha wa boti zote mbili za familia, aliingia na kreti tupu, akaiweka juu ya mizani kwa mazoea tu.

"Hata wa mboga?" Meneja akauliza.

"Hata wa mboga. Wiki ya tatu hii. Samaki wamehama, dada, si bure."

Biashara hiyo ya samaki waliachiwa na baba yao. Kaka aliendesha boti, mama yao aliparua samaki, na Meneja aliendesha yote yaliyobaki, kaka na mama wakiwemo. Hata huyo mama alimwita Meneja, isipokuwa akikasirika.

Kila Jumanne na Ijumaa alijitolea zahanati, akipeleka mapipa ya maji kwa gari la kampuni. Bomba la zahanati lilizinduliwa miaka minne nyuma kwa utepe na makofi, na tangu siku hiyo halikuwahi kutoa hata tone. Mtaa uliunda kamati ya maji, ukamchagua yeye mwenyekiti kwa kuwa ana sauti na ana gari. Wiki hiyo sauti ilikuwepo. Gari lilikuwa kwa fundi. Na wifi yake, mke wa nahodha, alikuwa zahanati tangu alfajiri, ameshikwa na uchungu.

Simu ikalia. Alikuwa mkunga, na alikuwa anapiga kelele.

"Meneja, kimbia! Bomba linatoa!"

"Maji?"

"Samaki!"

"Wa aina gani?"

"Mimi mkunga, Meneja. Wana magamba."

Walipakia kreti na barafu kwenye mkokoteni, wakaenda mbio. Mama yao aliwafuata na kisu mkononi, akiomba radhi kwa kila aliyepishana naye.

Uani kwa zahanati watu walikuwa wameshajaa. Bomba lilitoa changu mmoja, likatulia kidogo, likatoa mwingine. Wengi walikuwa wa kiganja, ila mara mojamoja alikuja mkubwa wa kufika kwenye kiwiko, na hapo bomba lilitanuka kama koo la mtu anayemeza tonge kubwa, kisha likarudia unene wake. Walianguka hai, wakapigapiga mikia kwenye saruji. Fundi cherehani wa jirani alikuwa ameshavua viatu na kukunja suruali.

Nahodha aliokota mmoja, akamfungua mdomo.

"Hawa ni wetu! Ona, ndoano yangu hii hapa! Tieni barafu upesi, mimi nawapigia wateja!"

Meneja naye aliokota wake, akamshika mkia, kichwa chini. Mdomoni mwa samaki yalitoka maji safi ya baridi, yapata nusu glasi. Akayaonja. Hayakuwa na chumvi.

"Hakuna barafu!" alisema kwa ile sauti aliyochaguliwa kwayo. "Leteni ndoo. Shikeni mkia, kichwa chini, mkamueni kwanza. Msibane tumbo!"

"Meneja, wiki tatu hatujauza kitu!"

"Mkeo yuko ndani humo."

Nahodha alitazama dirisha la wodi. Akaweka simu mfukoni, akainama, akashika samaki wawili kwa mpigo.

Mstari ukajipanga wenyewe, kutoka bombani hadi mlangoni. Samaki walipita mkono kwa mkono, ndoo zikaingia, ndoo zikatoka. Watu walicheka, walisukumana, walilowa hadi mabegani. Kila mkunga alipotoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Nyingine!", uwanja mzima uliitikia, "Inakuja!" na bomba nalo likaongeza kasi. Meneja alisimama katikati, buti za mpira miguuni, akielekeza huku na kule. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana aliyeruka kamba.

Ndoo ya saba ilipoingia, kilisikika kilio cha mtoto. Uani wakapiga kelele mpaka njiwa wakahama paa.

"Wa kike!" mkunga alitangaza. "Na mama mzima!"

Mtoto alinukia samaki kidogo. Katika familia ile hiyo haikuwa kasoro. Nahodha alikaa chini kwenye magamba, akalia bila kuficha uso, na mama yake akampiga mgongoni kwa mkono usio na kisu.

Saa tisa alasiri alifika ofisa wa idara ya maji, kijana mpole mwenye fomu.

"Malalamiko yenu yamefika," alisema. "Bomba linatoa au halitoi?"

"Linatoa samaki," Meneja alijibu. "Maji tunayakamua."

Ofisa alifungua bomba. Changu akaanguka karibu na viatu vyake. Akaweka alama ya tiki.

"Umeandika nini?"

"Linatoa."

"Linatoa nini, mwanangu?"

"Fomu haiulizi hivyo, mama."

Ng'ambo ya barabara, kilimani, vinyunyizio vya uwanja wa gofu vilikuwa vikizunguka kama siku zote.

Ijumaa yake Meneja alibandika ratiba ukutani: wakamuaji wa asubuhi na wakamuaji wa jioni. Nahodha alipewa zamu ya asubuhi. Samaki aliyekamuliwa alipelekwa chumba cha baridi.

Baada ya mwezi ikaja barua yenye muhuri. Idara iliupongeza mtaa kwa kupata maji, ikaarifu kwamba zahanati imeondolewa kwenye orodha ya wanaosubiri. Meneja aliisoma kwa sauti, mbele ya mstari wa wakamuaji, mikono ikichuruzika. Alipofika kwenye saini, alirudi mstari wa juu kuanza upya, labda kuna neno limemponyoka.

"Baadaye, Meneja!" mkunga aliita kutoka dirishani. "Mjamzito mwingine ameingia, na ana mapacha!"

Meneja aliikunja barua, akaisukuma ndani ya buti, akanyoosha mkono. Samaki alikuwa ameshafika.