Mlio wa Saba

Usiku wa kuamkia leo niliota nikiwa katikati ya kazi. Nilikuwa napepeta njegere kavu kwenye ungo ili mvua inyeshe katika mazoezi ya mchezo wa redio wa jioni. Mahali ni London, mwaka 1951, katika chumba cha kutangazia chenye mazulia hadi ukutani. Mimi ni fundi wa sauti. Hakuna aliyeniuliza vyeti, nami sina.

Mbele ya maikrofoni amesimama mtangazaji, Bi Muriel Tapscott, amevaa gauni refu la karamu na glavu hadi viwikoni. Kituoni hapo habari haisomwi na mtu aliyevaa ovyo, hata kama wasikilizaji hawamwoni.

"Bwana Mshamu, simamisha mvua," ananiambia. "Waite wazee wa saa."

Nikafungua kisanduku. Wazee wa saa ndio ile milio sita inayosikika redioni kabla ya habari, watu wakarekebisha saa zao. Ukiwaona ana kwa ana ni wazee wafupi kama kijiko cha chai, kila mmoja na kofia yake nyeusi. Huruka ndani ya maikrofoni mmoja mmoja. Akishalia wa mwisho, saa imefika nchi nzima.

Leo hawaruki.

"Soma ulichoandika kwenye ratiba," mkubwa wao ananiambia.

"Saa saba mchana, taarifa ya habari."

"Na sisi tuko wangapi?"

"Sita."

"Basi. Saa sita tulitoka sita, hesabu ikatimia. Saa saba hatutoki pungufu. Tutachekwa."

"Lakini hapa kwetu hii tunaiita saa moja," anasema Bi Muriel.

"Saa moja angetosha mmoja, watano tukalala. Miaka yote hii mmetutumikisha bure! Huyu bwana ndiye wa kwanza kutuandikia saa kwa haki."

Nikachukua kalamu nilikate kosa langu. Ratiba ikajikunja. "Usiniguse," ikasema. "Nimeandikwa kwa wino."

Simu ikalia.

"Hapo ni redioni? Mimi ni Gladys Ollerton, niko stesheni ya Wexby. Mwanangu Wilfred anarudi kutoka jeshini na treni ya saa saba. Miaka mitatu sijamwona, baba. Treni naiona, ile pale kwenye kona, lakini dereva anasema saa haijafika, hawezi kuingia. Na pai niliyombebea inapoa."

"Samahani, mama. Kosa ni langu. Nalishughulikia."

Nikaenda kwenye kabati la sauti kutafuta mlio wa akiba. Nikakuta kwato za farasi, milango mitatu na kikohozi cha hakimu. Nikasogeza kikohozi, nikaingia ndani zaidi, na sasa nimo kwenye behewa la treni. Kijana mwenye sare ya jeshi amekaa na sanduku magotini.

"Wewe ndiye Wilfred?"

"Ndiye. Na wewe ndiye unayetuchelewesha?"

"Ndiye."

"Mama yupo?"

"Yupo. Ana pai."

"Ya nyama?"

"Hakusema."

Wilfred akasimama. "Bwana, sema unataka nini, upesi."

Nikamweleza kwamba umepungua mlio mmoja. Akacheka. Jeshini alikuwa akipeleka simu za upepo, akibonyeza milio kwa kidole kutwa nzima, na mmoja ulikuwa umembakia kidoleni. "Fungua mdomo," akasema, akaudondosha ulimini mwangu. Ulikuwa na ladha ya msumari. "Usiongee mpaka ufike. Ukiongea tu, umetoka."

Nikarudi kupitia kabatini.

"Umepata?" anauliza Bi Muriel.

Natikisa kichwa kukubali.

"Umepata au hukupata? Sema, bwana! Mbona mashavu yamevimba?"

"Amekula peremende huyo," anasema mzee wa tatu. "Kazi imemshinda, akaona ale peremende."

"Peremende ya nani? Isije ikawa yangu," anasema wa tano.

Maisha yangu yote watu wananilaumu kwamba sisemi. Nikanyoosha kidole kuonyesha maikrofoni.

Wazee wakatazamana, wakashika kofia zao, wakaruka. Pi. Pi. Pi. Pi. Pi. Pi. Nikainama, nikafungua mdomo.

Pi. Ulikuwa mwembamba kidogo, lakini ulitoka.

"Ni saa saba mchana," akasema Bi Muriel, akinyoosha glavu. "Hii ni taarifa ya habari."

Simu ikalia tena. Nikaiweka sikioni. Kwanza nikasikia breki, kisha magurudumu, kisha sauti ya yule mama.

"Wilfred! Mbona umekonda hivi?"

"Mama, niachie, watu wanatuangalia."

"Waangalie! Kula kwanza."

Moshi wa treni ukatoka kwenye simu, ukanijaa sikioni. Sikuiondoa.

Mzee mkubwa akanivuta mkono wa shati. "Bwana Mshamu, saa nane inakuja, na tuko saba."

Nikamtazama Bi Muriel.

"Hiyo tutaiona ikifika," akasema. "Na uiandike kwa penseli."

Nikaamka. Kumekucha, na mke wangu Zamda ameniinamia.

"Sikio lako la kulia limejaa masizi," akasema. "Umeyatoa wapi, mume wangu, na sisi tunapikia gesi?"

Nikagusa. Yalikuwa bado na joto.

"Treni imeingia salama," nikamwambia.

"Treni gani?"

"Ya saa saba."