Maoni juu ya Kifo cha Fundi Saburi

Tulikutana Jumamosi baada ya adhuhuri katika ukumbi mdogo wa Chumbageni, wasomaji kumi na tisa, kuijadili riwaya iliyotokana na tamthilia ya Chombo cha Saba. Tamthilia sote tulikuwa tumeitazama kwenye televisheni: watu arobaini angani, hewa inawaishia, duniani hakurudiki. Riwaya aliitunga Ruthi, mwalimu wa Maramba, kwa idhini ya wenye tamthilia. Alikaa mbele na daftari, akiandika kila tulichosema. Mimi nauza vitabu, ndimi niliyewaita watu, na kaka yangu Badru alinisaidia kupanga viti.

Kwenye televisheni Fundi Saburi anatoweka tu. Ruthi aliamua kutuonyesha alivyokufa. Katika sura ya tisa wenzake wanamshuku kuwa anaiba hewa, anakimbia, wanamzingira na kumpiga kwa spana mpaka anakata roho. Kwenye kundi letu la WhatsApp nilikuwa nimeandika kwamba sura ile ni tamu kuliko zote. Wengi waliniunga mkono.

Hatibu hakuwa ameandika kitu. Alikuwa seremala mpole, kila mwezi ananunua kitabu kimoja kwangu na hakuna zaidi ya salamu. Siku hiyo alisimama akamuuliza Ruthi kama Saburi aliiba kweli. Ruthi akajibu kwamba hilo amewaachia wasomaji.

Rama, dereva wa bodaboda aliyekaa meza ya mbele, akacheka.

"Kama hakuiba, alikimbia nini? Mwizi dawa yake kipigo. Hata mimi ningeshika spana."

Hatibu alimwendea taratibu, tukadhani anataka kumwambia neno. Akamshika kisogo, akampigiza uso kwenye ukingo wa meza. Nilisikia meno yakivunjika. Akamwinua, akampigiza tena, na damu ikatapakaa juu ya vitabu. Ruthi alijaribu kumvuta, akapigwa kiwiko, mdomo ukapasuka.

Mtu akasema anaua huyo, na wanaume wote wakamwangukia Hatibu. Walitumia viti, chupa za soda, viatu. Walikuwa watu waliokuja kuzungumzia kitabu, na mmoja bado alikuwa na miwani ya kusomea puani. Hatibu alijikunja sakafuni akaficha kichwa kwa mikono, bila kulia wala kuomba. Badru aliinua kiti cha chuma akakishusha juu ya mkono wake mmoja, akakiinua tena. Vidole vilipinda upande usiokuwa wake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Ruthi ndiye aliyejilaza juu yake. Walimpiga teke la mbavu kabla hawajamtambua, ndipo wakaacha.

Hatibu akasema kutoka sakafuni, polepole, "Ayubu naye alikimbia. Alikimbia kwa sababu walikuwa wengi."

Habari za Ayubu mji mzima tulizijua. Alipigwa sokoni mpaka akafa, kwa ajili ya simu ambayo jioni ile ile mwenye simu aliikuta ndani ya mkoba wake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Hatibu alikuwa ndugu yake, tumbo moja.

Rama alipoteza meno manne, akafungwa taya kwa waya. Hatibu alikiri kosa lake, akahukumiwa miezi minane. Vidole viwili havikunjiki tena, na randa haishikiki bila vidole. Waliompiga yeye hakuna aliyewauliza.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Kisha nilikwenda kituo cha polisi nikataja majina sita, nikianza na Badru. Askari aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikasema nina hakika, nilikuwepo.

Badru yuko nje kwa dhamana, kesi inaendelea. Mama anakaa naye. Kila Ijumaa nakwenda kumwona Mama, namwamkia shikamoo mlangoni, naye anaendelea kuchambua mchele kama vile hakuna mtu aliyesimama pale.