Upande wa Pili wa Jiwe

Mshonaji alikwenda kwa fundi wa mawe na pesa kamili, zile zilizokubaliwa kwenye kikao cha mazishi. Alizipata kwa kushona sare za shule hadi vidole vikafa ganzi, na njia nzima alikuwa akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba sasa mumewe atapata jiwe lake, na yeye atapumua.

Fundi hakuzipokea. Alizitazama tu, akajikuna kidevu chenye vumbi jeupe, akasema hizo ni nusu.

"Nusu ya nini?"

"Ya jiwe, mama. Njoo ulione."

Akampeleka nyuma ya banda, akafunua turubai. Jiwe lilikuwa pana kama mlango uliolazwa. Upande wa kushoto palikuwa na jina la mumewe, mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki. Upande wa kulia, kwa herufi zilezile, palikuwa na jina lake yeye. Chini yake mwaka wake wa kuzaliwa, kisha kistari, kisha hakuna kitu, ila mahali patupu palipong'arishwa hadi akauona uso wake humo.

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Fundi akaeleza kwamba shemeji yake alipiga simu baada ya mazishi na kuagiza jiwe la watu wawili. Jiwe likaongezeka, herufi zikaongezeka, msingi wa zege ukapanuka, na gari la kulibeba likawa kubwa zaidi. Yeye fundi alidhani familia nzima inajua.

"Mimi sikuulizwa."

"Wewe si mshonaji?" fundi akasema. "Mtu akuletee vipimo, ukate kitambaa, halafu mwingine aje akwambie hakuulizwa. Hasara ya nani?"

"Mimi sikati nguo ya mtu mzima kwa vipimo vya kuletewa. Ningemtafuta mwenye mwili."

Fundi akaanza kufuta vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Shemeji alipigiwa simu, akaja. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na watu walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna kikao cha ukoo ambacho hakukiongoza, hata vile vilivyoitishwa kumjadili yeye. Hakuja kwa shari. Alieleza kwa upole kwamba alifanya kwa mapenzi, ili siku ya shemeji yake ikifika watoto wasihangaike, na ili mdogo wake asilale peke yake. Kuhusu gharama, alidhani mjane angeelewa. Yeye mwenyewe alishatoa jeneza.

Hapo pa kulala peke yake mshonaji nusura acheke. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na usingizi wake ulikuwa wa kujitandaza kitanda kizima, mkono huku, mguu kule. Miaka yote ya ndoa yao yeye aliujua ukingo wa godoro kuliko katikati yake.

"Shemeji, mimi niko hai," akasema.

"Nani kasema umekufa? Hiyo ni nafasi tu, imekaa inakungoja."

"Basi jina langu litolewe."

Upole ukamwisha Mwenyekiti. "Litolewe kwa nini? Kuna mtu anakusubiri?"

Fundi aliinama akajifanya anatafuta patasi. Mshonaji alimwomba Mungu amshikie ulimi. Jibu la kumaliza ugomvi lilikuwa jepesi, na lilikuwa la kweli, maana hapakuwa na mtu. Lakini aliona kwamba akisema hapana leo, atakuwa amekabidhi miaka yake yote iliyobaki mbele ya mashahidi.

"Sijui," akasema. "Na sitaki jiwe lijue kabla yangu."

Fundi akasema herufi zilizochimbwa hazifutiki. Ukiziba, litabaki kovu. Labda kulikata, ila jiwe lina mshipa unaopita karibu na jina la marehemu. Likiamua kupasuka, halitauliza mtu.

"Ukimvunja ndugu yangu," Mwenyekiti akamwambia mjane, "nyumbani kwako sitakanyaga tena."

Mshonaji aliingiza mkono mfukoni, akatoa chaki yake bapa ya kuchorea vitambaa, akainama juu ya jiwe na kuchora mstari kati ya majina mawili. Ulinyooka.

"Katia hapa, fundi."

Kwa kukata fundi hakumdai kitu. Alikiri alipaswa kumpigia. Nusu ya pili alilipa Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyeiagiza. Alitoa noti akitazama pembeni, akauliza mtu anapeleka wapi jiwe lenye jina la mwanamke anayesalimiana na watu barabarani. Akaondoka bila kuaga.

Msumeno ulilia, maji meupe yakitiririka sakafuni. Mshonaji alisimama palepale, midomo ikimchezacheza kwa sala. Ulipokaribia mwisho, kitu kililia kak, na fundi akazima mashine. Kipande kilikuwa kimemeguka ukingoni. Ufa ulikuwa umekwenda hadi karibu na herufi ya mwisho ya jina la mumewe, kisha ukaishia hapo.

Jiwe lilisimikwa hivyohivyo, ukingo mmoja ukiwa na makovu, maana kuulainisha kungekuwa na gharama yake. Mwenyekiti hakuja. Ndugu wachache waliokuja walisimama upande wa mbali na kumsalimia kwa kichwa.

Walipoondoka, mshonaji alichuchumaa. Kando ya kaburi kulikuwa na ardhi tupu. Aliitazama kwa muda mrefu, akamwambia Mungu kwamba bado hajui. Kisha akaweka kiganja kwenye ule ukingo uliokatwa, nao ukamkwaruza.

"Haya, jitandaze," akamwambia mumewe.

Na machozi ambayo hesabu za watu zilikuwa zimeyazuia tangu siku ya mazishi, yakaja.