Pasi ya Kijiko

Mpira ulikuwa tayari angani, unakuja kwetu, na mama yangu alikuwa ameketi na mkoba mapajani na peremende shavuni. Watu wa safu ya mbele waliinama. Mimi, kwa ushujaa wangu wote, nilijifunika uso kwa viganja. Nilipofumbua macho mkoba ulikuwa sakafuni, miwani, funguo na leso vimetawanyika, na mpira umetulia mikononi mwa mama kana kwamba umezaliwa hapo. Peremende hakuimeza.

"Shuka, wifi!" shangazi alimwita kutoka uwanjani. "Au unataka nikutandikie zulia?"

Ili vurugu ile ieleweke, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mama na shangazi walicheza mpira wa kikapu pamoja tangu wakiwa wasichana wasio na undugu wowote, na ligi ya kulipwa ya wanawake ilipoanzishwa wakaingia timu moja. Siku moja baada ya mazoezi shangazi alimleta mama nyumbani kwao kula. Kaka yake akafungua mlango, na yaliyofuata mimi ndiye ushahidi wake. Baba hupenda kusema kwamba ile ndiyo pasi pekee ambayo dada yake aliwahi kutoa maishani.

Maana shangazi alikuwa mfungaji. Walimwita Sindano, kwa jinsi mpira wake ulivyopenya wavu. Mpe mpira kwenye kona, hadithi imekwisha. Mama ndiye aliyewalisha wenzake, kwa hiyo wakamwita Kijiko. Aliuona mwanya kabla haujafunguka, akaupitishia mpira hapo, na makofi yalipoanza yeye alikuwa amekwisha geuka kurudi kulinda. Miaka ile meza ya waamuzi iliandika mfungaji tu, na redio ikamtangaza huyohuyo. Aliyetoa pasi hakutajwa.

Babu, baba yake mama, alikuwa haamki kitandani, na mechi zote alizisikiliza kwenye redio. Mama akirudi nyumbani, jasho halijakauka, mzee humuuliza kwa upole: "Leo pia hawakukupanga, mwanangu?" Alikuwa amecheza mechi nzima. Alimweleza, akamweleza tena, na mzee akamwitikia kwa sauti ya kubembeleza, kama anavyobembelezwa mtu anayeficha aibu. Alifariki akiamini kwamba binti yake hukaa benchi. Mama alinisimulia hilo mara moja tu, tukiwa tunamenya viazi, na tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja: mama yangu atajwe. Hata mara moja, mahali penye watu.

Kwa hiyo ligi ilipoamua kuwaenzi magwiji wake na jezi ya Sindano ikachaguliwa miongoni mwa zile za kwanza kutundikwa ukumbini, furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake. Tena kazi ya kuishona jezi hiyo kubwa, pana kuliko shuka la kitanda, ikaja kwenye cherehani yangu. Mama aliingia kwenye chumba changu cha kushonea, akashika upande wa pili wa kitambaa bila kuombwa.

"Hujisikii vibaya, mama?" nilimuuliza.

"Kwa lipi? Wifi yangu alikuwa moto wa kuotea mbali." Alishikiza namba saba kwa pini, akarudi nyuma kuitazama. "Hii saba iinue kidogo. Imelala kama imechoka, na mwenyewe hakuwahi kuchoka."

Lakini siku ya sherehe ilipokaribia, kisigino kikaanza kumuuma. Kisigino hicho nakijua tangu utoto wangu. Huuma pale tu mama anapokuwa hataki kwenda mahali. Shangazi alipokuja kupima gauni lake nikamweleza. Alicheka sana, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Mlete," alisema. "Mbebe mgongoni ikibidi. Na mkae karibu na ngazi za kushukia."

Sikumuuliza kwa nini. Shangazi akikupa amri, unaikunja na kuiweka mfukoni.

Utaratibu waliouweka ulikuwa huu: jezi hutundikwa juu kabisa ikiwa imefunikwa kwa pazia. Anayeenziwa husimama uwanjani pale alipopapenda zaidi enzi zake, hutupa mpira, na ukiingia kikapuni pazia huachiwa. Gwiji aliyetangulia alikosa na kukosa hadi akalala chali sakafuni kwa kicheko, na ukumbi mzima ukacheka naye. Ikafika zamu ya shangazi. Mwenyekiti wa ligi, kijana mwenye suti iliyomkaa vizuri, akasema wahenga hawakukosea, chanda chema huvikwa pete. Shangazi akaenda kwenye kona yake, akapewa mpira, akauzungusha mikononi. Kisha akaomba kipaza sauti.

"Mwenyekiti, asante kwa pete," alisema. "Ila wahenga haohao walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi kwenye kona hii sijawahi kuokota mpira mwenyewe. Nimezoea kupewa."

Akarudisha kipaza sauti, akageuka, akautupa mpira kwetu jukwaani.

Mama aliutazama mikononi mwake, akanitazama mimi. Moyo wangu ulikuwa unagonga kama cherehani isiyotiwa mafuta.

"Na kisigino?" nilimchokoza.

"Kisigino gani?" akasema, akavua viatu.

Alishuka peku. Alipofika uwanjani aliudunda mpira mara moja, akasogea taratibu kuelekea katikati huku akiangalia upande wa pili kabisa, kama mtu anayemtafuta mwenye duka. Shangazi, na uzito wake wa sasa, akachomoka kuelekea kona. Mama hakugeuza shingo. Mpira ulimtoka kiunoni, ukadunda kidogo, ukamfikia shangazi kifuani palepale alipotaka. Shangazi akatupa. Ukagonga chuma, ukatoka nje.

"Kiwiko, wifi! Kiwiko!" mama alifoka mbele ya mwenyekiti, wageni na kamera. "Miaka yote hii nakwambia kiwiko!"

"Na wewe umenipa mbele mno! Unadhani bado nina magoti?"

Wakarudia. Safari hii mpira ulizama bila kugusa chuma. Pazia likaanguka, namba saba ikajitandaza juu yetu, ikiwa imesimama wima kama mama alivyotaka. Mtangazaji wa ukumbi, mama mmoja aliyewahi kucheza dhidi yao na kufungwa nao hadi akalia, aliisahau karatasi aliyokuwa akiisoma.

"Amefunga Sindano!" alipaza sauti. "Na pasi imetoka kwa Kijiko! Kwa Kijiko, jamani!"

Ukumbi ulisimama wote. Mama alikuwa peku katikati ya uwanja, kichwa kimeinama upande, akilisikiliza jina lake mpaka lilipoisha kwenye spika. Nililia, sifichi, na huku nikicheka kwa sauti hadi jirani yangu akanipa leso.

Mwenyekiti akaja na shada la maua. Mama akamzuia kwa kiganja, kwa adabu zote.

"Subiri kidogo, mwanangu," alimwambia, kisha akamgeukia shangazi. "Wifi, nenda kona ya kule. Tunarudia. Na huyo mwenye kipaza sauti, mwambieni aseme kwa nguvu zaidi."