Yowe la Mazoezi

Mtambo wa kumenya kahawa ulikuwa bado unanguruma, na Benadetha alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko kwenye maji baridi ya mwezi wa saba, akichambua maganda. Msimu ukikolea, zamu haiishi mpaka jua lizame. Kisha kila mwanamke anashika kijia kinachokatiza mashamba ya kahawa, ambako hata ng'ombe akijificha humwoni.

Msimu huo wanawake walianza kuvamiwa huko. Kwanza waliporwa simu tu. Kisha Eunice, mwenzake wa zamu, wavamizi wakamtaka na mwili, akaponea chupuchupu. Ndiyo maana Jumapili baada ya misa walikutana nyuma ya ukumbi wa parokia, wafundishwe kujihami na Hamphrey, mgambo wa zamani mwenye kitambi. Walimwita Afande kwa utani, naye akaamini.

"Msijifanye mmetoka kwenye sinema," aliwaambia. "Ukiona mtu amesimama njiani bila shughuli, geuka mapema. Akitaka simu, itupe mbali, kimbilia upande mwingine. Akikukamata, kiwiko usoni, kisigino kwenye vidole, halafu mbio. Usibaki kuangalia kama ameumia. Na yowe! Yowe kwanza."

"Afande, na wewe mbio unaziweza?" Eunice aliuliza.

"Mimi nani atanitaka?"

Walicheka, kisha wakajaribu yowe.

Hapo ndipo walipokosea. Milimani huku yowe la mwanamke ni msiba au moto. Likisikika, kazi inaachwa. Watu walikuja wanahema, mmoja na ndoo ya maji kabisa. Walipokuta akina mama wanapigana viwiko, waliondoka wakisonya.

Kesho yake mtendaji wa kijiji, Bwana Mansuetus, alipiga marufuku. Mazoezi ruksa, yowe hapana; atakayepiga yowe la uongo atapelekwa barazani. Basi wakajifunza kimya. Ikifika zamu ya yowe, Afande ananyoosha kidole, nao wanafungua midomo bila sauti, kama kwaya kwenye luninga iliyozimwa sauti.

"Siku yenyewe litatoka lenyewe," Afande alisema. Siku hiyo hakutania.

Halikutoka. Alhamisi, giza likianza kuingia, Benadetha alimwona kijana amesimama mbele bila shughuli. Akageuka. Kumbe mwingine yuko nyuma. Alitupa simu kwenye mibuni, lakini yule wa nyuma hakuitazama hata kidogo, alimkaba shingo. Kiwiko kilikwenda chenyewe. Kisigino nacho. Mdomo nao ukafanya ulichozoeshwa: ukafunguka, kimya. Alikimbia na kandambili moja hadi kwao.

Asubuhi alisimama ofisini kwa mtendaji, alama za vidole zimevimba shingoni.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba. Enhe?"

Alieleza yote. "Naomba barua ya kupeleka polisi. Na mgambo wapite kile kijia jioni. Leo nina zamu tena."

Mansuetus alimpigia simu mwenye shamba la jirani, akauliza maneno mawili matatu, akakata.

"Anasema jana alikuwepo mpaka usiku, hakusikia yowe. Mwanamke unakabwa, umekaa kimya? Polisi niwaambie nini?"

"Si ulikataza mwenyewe?"

"Dada, nilikataza la uongo. La kweli nani alikataza?"

Benadetha alimgeuzia mgongo. Alitoka hadi kizingitini, akashika fremu ya mlango, akafungua mdomo. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Akameza mate, shingo ikamuuma. Mara ya pili yowe lilitoka, refu, likashuka bondeni, likapanda upande wa pili.

Walikuja na majembe, na vikapu vya kahawa kiunoni.

"Nani kafariki?"

"Hakuna msiba!" Mansuetus alisema kwa sauti. "Ni wale wa mazoezi. Rudini kazini."

Wengine walisonya, wakageuka. Mzee Kilian, aliyekuwa bado anahema, hakugeuka. Alisogea karibu, akaitazama shingo ile, kisha akampita mtendaji kama anayepita nguzo.

"Ilikuwa wapi, mwanangu?"

Benadetha alinyoosha mkono kuelekea mashambani. Hakuushusha mpaka waliokuwa wameanza kuondoka nao wakageuka, wakaona ni wapi.