Cheti cha Vénuste

Habineza alikuwa kapita wa mitumbwi mitatu kwa miaka kumi na tisa. Mitumbwi hiyo hufungwa pamoja kwa miti mirefu, na kapita husimama kwenye mtumbwi wa kati akianzisha wimbo ili makasia yote yashuke pamoja. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu mwenye kalamu. Shule aliiacha darasa la pili, na hakuiaga.

Mwaka huu, ziwa lilipofungwa kwa wavuvi ili samaki wadogo wa sambaza wazaliane, Bimenyimana, mwenyekiti wa koperative, alitangaza kwamba kapita asiye na cheti cha mafunzo hatasimama tena mtumbwini. Mafunzo ya nini? Ya kuamsha uwezo uliolala ndani ya mtu. Na mkufunzi ni nani? Gad, mume wa mpwa wake Bimenyimana.

Wakakusanywa siku tatu katika ukumbi mmoja Nengo. Gad alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kama suruali yake. Viatu vyake vilikuwa na ncha ya kutobolea parachichi. Ukutani alibandika picha ya tai.

"Ndugu zangu, ndani ya kila mmoja wenu amelala tai!"

"Ndani ya mi iko njaa tu," Habineza alinong'ona. "Chai inakuya saa ngapi?"

Vénuste, kapita mwenzake aliyekaa kushoto kwake, akafunika kicheko kwa daftari.

Gad hakuwahi kushika kasia. Safari moja alipanda boti ya watalii, ziwa likiwa limetulia kama uji uliopoa, akatapika mbele ya watu wote. Huyo ndiye aliyewafundisha watu wa ziwa jinsi ya kuongoza.

Siku ya tatu ziligawanywa karatasi. Kila mtu aandike jina lake na ndoto ya maisha yake. Habineza alilowa jasho. Kwamba hajui kuandika, alijua mkewe peke yake. Lakini macho yake yaliweza kuona samaki kwa rangi ya maji. Akachungulia karatasi ya Vénuste, akachora kila alama kama ilivyokaa, toka juu mpaka chini. Hakuacha hata nukta.

Gad alizikusanya kwa mpangilio wa viti, akasoma moja kwa sauti: "Ndoto yangu ni kuachana na ziwa nifungue duka la simu." Akafunua ya pili. Maneno yale yale.

"Wawili wana ndoto moja! Hayo ndiyo maono ya pamoja!"

Ukumbi ukapiga makofi. Habineza naye akapiga, akijiuliza ni wajinga gani hao wawili.

Jioni Gad, aliyenakili majina kutoka karatasi zile, aligawa vyeti mbio mbio kama karata, kiti kwa kiti, kwa sababu mpiga picha alikuwa anamsubiri.

Nyumbani Habineza alimtupia mkewe chake. Mukakalisa aliuza sambaza sokoni, na kila Jumamosi alipanda mlima hadi Nyundo kwenye darasa la watu wazima, ambalo mumewe aliliita chekechea ya mabibi.

"Tundika hii. Bwana yako amekuwa tai."

Mukakalisa alipitisha kidole chini ya maandishi, polepole. "Papa Belise," alimwita kwa jina la mtoto wao, "hii karatasi haiko ya kwako."

"Iko ya nani?"

"Ya Vénuste. Jina lake njo naona hapa."

"Unajua kusoma ao unabahatisha?"

"Nabahatisha. Haya, soma we tai."

Habineza alikigeuza cheti upande huu na upande ule. Akaikumbuka ile karatasi, na alama za juu kabisa alizozichora kwa uangalifu wote.

"Kumbe ule mujinga wa duka ya simu ni mi."

"Enda kwa Gad akubadilishie."

"Nimuambie sijue kuandika jina? Yule mutu wa kutapika?"

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka vyeti kwa mwenyekiti vipigwe mhuri, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Mukakalisa akaokota kijiti. "Bon. Chuchumaa hapa."

Siku nne walichora kwenye udongo mweusi wa uani. "B yako iko na mimba," mkewe alimwambia, "na Z imelewa." Habineza aliitukana B, akaitukana Z, akamtukana aliyebuni kalamu. Lakini hakuinuka.

Ijumaa Bimenyimana alipokea cheti na kuinua mhuri bila kukitazama.

"Ngoja," Habineza alisema. Akachukua kalamu ya mezani, akalikata jina la Vénuste, akaanza kuandika juu yake. Alitumia muda wa kuziba tundu la wavu. Waliopanga mstari nyuma yake wakaanza kupiga miluzi.

"Umeharibu cheti!"

"Angalia jina yenye ilikuwa hapo, mwenyekiti. Bwana wa mpwa wako alimupa Vénuste tai mbili, mi hakunipa hata moja. Kwa hii karatasi yote, kitu mutu alijifunza ni hii jina tu."

Vénuste, aliyekuwa mstarini, akaangua kicheko, na wengine wakainua shingo kutazama. Bimenyimana aliona kwamba akikataa atalazimika kuwaeleza wote kosa la Gad. Akagonga mhuri haraka.

Nje, Mukakalisa alikuwa amekalia beseni lake lililofunikwa. "Kesho napanda Nyundo," alisema, bila kumtazama.

"Kwa chekechea ya mabibi."

"Eeh, njo kule."

Habineza aliendelea kukitazama cheti. "Mwalimu akiwa na viatu ya ncha," alisema, "narudia mulangoni."